Mawaridi ya harusi niliyokataa kuyatupa

Kazi yangu ni kupamba harusi hapa Unguja. Si ile ya kumpaka bibi harusi hina na piko, hiyo ina wenyewe. Mimi ni wa ukumbi: vitambaa, taa, kiti cha bibi harusi, na maua. Katika hivyo vyote, maua ndiyo yanayonitia uchungu. Vitambaa hufuliwa vikarudi kabatini, taa huzimwa zikasubiri harusi nyengine. Lakini waridi linapanda gari Arusha, linashushwa Dar es Salaam, linapanda boti, linafika bandarini Malindi hapa hapa Unguja limebanwa ndani ya boksi kama dagaa, linapigwa picha saa tatu za usiku, na saa sita vijana wangu wanalizoa pamoja na mifupa ya biriani.

Miaka sita nimeyatupa hivyo. Usiku mmoja wa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mwaka 2024, tumemaliza harusi Kiembesamaki, nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, miguu inawaka moto, nikaliangalia lile rundo. Mekundu, meupe, na yale ya rangi ya chai ya maziwa ambayo siku hizi kila bibi harusi anayataka. Vijiti vyake virefu, vinene, majani bado mabichi. Nikasema moyoni, muhogo tunaukata tukauchomeka ukaota, na hivi navyo si vijiti? Nikachagua arubaini, nikavitia kwenye beseni, nikavibeba mpaka nyumbani Mpendae.

Mavyaa wangu, yaani mama mkwe, ndiye aliyenifungulia mlango. Akalitazama beseni, akanitazama mimi.

"Mwanangu, siku hizi harusi mnalipwa kuni?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka.

Asubuhi yake nikafanya kila kosa linaloweza kufanywa, na yote kwa siku moja. Maua sikuyakata, niliyaonea huruma. Majani niliyaacha yote. Udongo nikautafuta mweusi, mnono, nikauchanganya na samadi ya ng'ombe, nikidhani nawapikia wageni pilau. Nikachomeka vijiti kwenye makopo ya rangi, nikayapanga uani penye jua, na kwa kuwa ilikuwa Aprili na masika yamekaza, mvua ikamaliza kazi. Baada ya siku kumi weusi ulianza chini ya vijiti ukapanda juu, kama moshi unavyopanda kwenye chemni ya kandili. Arubaini nilivyopanda, thelathini na nane nilivitupa, na vilikuwa vinanuka.

Viwili vilisalia pembeni, chini ya upenu wa paa, pahali ambapo jua halikufika na mvua iliwapitia kwa mbali. Hivyo viwili ndivyo vilivyoniponza. Vingekufa vyote ningeacha.

Kijiti kilichokatwa hakina mizizi, kwa hiyo hakina mdomo wa maana. Kinanyonya kidogo tu kwenye jeraha lake la chini, na huku juu kila jani linatoa maji hewani mchana kutwa. Ua nalo linakula. Chakula chote kilichomo ndani ya kijiti kinakwenda kulifungua ua, na kikishafungua ua hakuna cha kuotesha mzizi. Samadi haina faida kwa kitu kisicho na mizizi, inaleta vidudu vya kuozesha tu. Mimi niliyempa samadi ni kama mtu aliyemlisha ugali mtoto wa siku tatu.

Tena waridi la harusi linafika kwangu limeshachoka. Limekatwa shambani, likatiwa kwenye baridi, likasafiri siku mbili tatu, likasimama ndani ya lile sponji la kijani kwa usiku mzima chini ya taa. Hesabu yangu, mpaka ninapolifikisha uani limeshatimiza wiki nje ya mti wake. Kijiti kinaanza safari na njaa. Hili wanaopiga picha za video hawalisemi.

Na video ndizo zilizonipeleka kwenye mbatata. Mei ile, bado nina hasira, nikamuona mtu kwenye simu anakichomeka kijiti cha waridi ndani ya mbatata, anaifukia, anakata picha, na mara mti umejaa maua. Nikanunua mbatata kumi nzuri Mwanakwerekwe. Mavyaa aliziona jikoni akajua urojo unapikwa. Alipoona nazitoboa kwa bisibisi, akaondoka pale bila kusema neno, na kuondoka kwake kulikuwa na maneno mengi.

Matokeo: vijiti vyote kumi vilioza, kwa sababu mbatata iliyofukiwa kwenye udongo wa mvua inaoza, na kilichomo ndani yake kinaoza nayo. Mbatata mbili ziliota majani. Majani ya mbatata. Mtu akikwambia mbatata inalipa waridi unyevu, mwambie unyevu Zanzibar hatuna upungufu nao.

Maji ya dafu nayo nimeyajaribu, kwa kuwa kila mtu mwenye mnazi alinishauri. Maji ya dafu kweli yana homoni za mimea, na wataalamu wa maabara huyatumia kukuzia miche midogo ndani ya chupa. Lakini zile nyingi zilizomo ni za kuchochea machipukizi na kugawanya chembe, si za mizizi, na maabara hakuna siafu. Uani kwangu wapo. Sukari ile iliwaita mpaka wa nyumba ya pili.

Aliyenirudisha njiani ni bibi yangu mzaa mama, na hakukusudia.

Sikukuu ya Idi el Haji, Juni ile ile, nilikwenda Pemba. Bibi anakaa Wete, nyumba ile ile niliyokulia likizo za skuli, na pembeni ya ukuta wa uani, pale wanapotawadhia, pana mwaridi wake. Si waridi la kupigia picha. Ni lile letu la zamani, dogo, la pinki, lina petali nyingi zilizosongamana, linafunguka alfajiri na likipigwa na jua la adhuhuri linaanza kumwagika. Lakini harufu! Unaisikia kabla hujafika mlangoni. Bibi anazitia petali zake kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia, pamoja na asumini, mrehani na mkilua, na zamani akizikausha kidogo kwa kutia nguoni. Mti ule umekuwepo tangu mama yangu hajaolewa.

Nikamuuliza aliupata wapi.

"Nilikata kwa jirani, nikachomeka."

"Ulitia nini, bibi?"

"Nitie nini? Nilichomeka."

"Na ukaota hivi hivi?"

"Wengine waliota, wengine hawakuota. Kwani mimi niliwauliza?"

Nikakaa pale nikaangalia pahali penyewe. Upande wa kusini wa ukuta, kivuli cha mlimau asubuhi yote, udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Na mara tano kwa siku mtu anakuja na kata anatawadha, matone yanaanguka pale, maji safi yasiyo na sabuni, machache machache. Ardhi haikauki na wala hailowi chepechepe. Bibi hakuwa na haja ya kutia kitu, kwa sababu pahali pale palikuwa pamekwisha kutiwa kila kitu. Nimelipa pesa za mabando kumi kutafuta siri iliyokuwa chini ya kopo la kutawadhia.

Alinikatia vijiti kumi na mbili. Hakukata vilivyo laini vya juu, wala vilivyokomaa vikawa kama fimbo. Alichagua vile vilivyokwisha kutoa ua na ua limeanguka juzi juzi, unene wa penseli. Akanionyesha namna ya kuvijua: ukiusukuma mwiba kwa kidole gumba kwa ubavu, unakatika kwa mlio mdogo na kuacha alama safi. Mwiba ukijikunja, kijiti bado kichanga. Ukichuna na ganda, kimeshakuwa mzee. Tukavifunga kwenye gazeti lililotiwa maji, juu yake tukazungusha gome la mgomba, nikapanda daladala Wete mpaka Chake, Chake mpaka Mkoani, nikavishika mapajani ndani ya boti. Kijana mmoja akaniuliza kama nimebeba samaki.

Kumi na mbili nilivipanda siku ya pili yake. Tisa viliota. Tisa!

Basi Julai nikayarudia mawaridi ya harusi, sasa kwa adabu. Nitaeleza nilivyofanya, kwa kuwa ndilo mnaloniuliza kwenye simu, na ndivyo ninavyofanya mpaka leo.

Usiku ule ule wa harusi, kabla sijavua viatu, natia vijiti ndani ya ndoo ya maji na kuvikata chini sentimita tano hivi huku vimo majini. Ile ncha ya chini imeshaziba, haipitishi kitu. Natupa kila kilicholainika, kila chenye weusi, na vile ambavyo majani yake yameshalala. Katika vijiti hamsini napata kumi na tano vya maana, na sioni haya kuviacha vyengine. Asubuhi nakata ua. Nalikata kabisa, hata likiwa zuri. Kisha nakigawa kijiti: pande la urefu wa shubiri moja, lenye vifundo vitatu au vine, lile la katikati. Kifundo ni pale jani linapotokea, na ndani yake lipo jicho kama jicho la muhogo. Chini nakata karibu kabisa na kifundo, kwa sababu mizizi hupenda kutoka hapo. Juu naacha kama upana wa ukucha juu ya jicho la mwisho. Chini bapa, juu mshazari, ili nisichomeke kichwa chini, jambo ambalo nimeshalifanya.

Jani naacha moja tu la juu, na hilo moja nalipunguza. Jani la waridi aghalabu lina vijani vitano, mimi naacha viwili. Ukiacha mengi kijiti kinakauka, ukitoa yote kinakosa wa kukipikia, kwani jani ndilo linalotengeneza chakula, na kwenye majani machanga na machipukizi ndiko inakotoka homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka chini ya kijiti na kukiamrisha kitoe mizizi. Chini nakwangua ganda upande mmoja kwa urefu wa kucha mbili mpaka nione kijani kinachong'aa. Jeraha hilo linasaidia, mizizi hutokea kandokando yake. Siku nikiwa nayo natia poda ya kuoteshea mizizi, ile ya duka la pembejeo, ambayo ni oksini ya kutengenezwa. Inasaidia, sitaki kusema uwongo, hasa kwa vijiti hivi vilivyochoka. Lakini ni ya kugusisha tu na kukung'uta. Na tundu toboa kwanza kwa kijiti chengine, ndipo uchomeke, la sivyo poda yote inabaki juu ya mchanga.

Mchanga sasa. Hapa nilipigwa tena. Nilikuwa na vijiti ishirini na vinne Julai ile. Kumi na viwili nilivitia kwenye kichanga cha shamba nilichokiosha na kukimwagia maji ya moto, nikakichanganya na usumba kidogo, zile nyuzi za kumbi la nazi. Kumi na viwili vyengine nikavitia kwenye usumba mtupu alioniletea wifi yangu kutoka Jambiani, mwingi, mwepesi, bure. Anayeijua Jambiani ameshacheka. Makumbi yale akina mama wanayafukia baharini miezi, yakilainika wanayafukua na kuyatwanga wapate usumba wa kusokotea kamba. Usumba ule ni wa kamba, una chumvi tele. Vijiti vyangu vilikuwa kama ng'onda baada ya wiki moja. Ukitaka usumba kwa mbegu, chukua kumbi la nazi uliyoikuna mwenyewe nyumbani, ulichambue, uliroweke na kulimwaga maji mara tatu nne. Wala usinichukulie mchanga wa pwani.

Kwenye kile kichanga nilipata watano kati ya kumi na wawili. Kwa waridi lililotoka harusini, mimi nasema ni wengi.

Kifuniko chake ni chupa ya maji ya lita moja na nusu, imekatwa kitako, inakaa juu ya kopo na kuzikwa kidogo mchangani. Ndani yake hewa inabaki na unyevu, jani halikauki, na kijiti kinapata muda wa kutafuta mizizi. Asubuhi ukiona umande kwa ndani, usimwagie maji, acha. Kivuli chenye mwangaza, kamwe si jua kali: chupa juani ni chungu cha mvuke, kijiti kinaiva saa moja tu. Nafungua mara moja kwa wiki kuwapa hewa na kutoa kilichooza. Shida ya chupa kwetu ni kwamba mavyaa anauza juisi ya ubuyu. Chupa ndani ya nyumba yetu zina bei. Mara mbili nimerudi kazini nimekuta vijiti vyangu viko wazi na chupa ziko frijini zimejaa ubuyu. Nilipouliza amefanyaje na kitako kilichokatwa, nikaambiwa hizo zilikuwa nzima, zilizokatwa ameziondoa tu zisimkwaze. Nilinyamaza.

Halafu kuna kungojea, na hapa ndipo wengi wanapoua. Baada ya wiki mbili au tatu, chini ya kijiti hutokea kinundu cheupe, kama punje ya wali iliyovimba. Huo si mzizi bado, ni kidonda kinachojifunga, ingawa ni dalili njema. Mizizi yenyewe huja baina ya wiki ya nne na ya nane. Mimi najua hili kwa sababu nilikuwa naving'oa kuangalia, na kila nilichoking'oa kilikufa. Siku hizi natumia makopo ya plastiki meupe yanayopitisha macho, mzizi ukifika ukutani nauona bila kumsumbua mtu.

Tena msidanganyike na jani jipya. Niliwahi kumpigia simu dada yangu usiku kumwambia watano wametoa majani, yale mekundu mekundu madogo. Wiki mbili baadaye matatu kati yao yalikunjamana yakadondoka. Kijiti kinaweza kutoa jani kwa akiba yake tu, bila hata uzi mmoja wa mzizi, kama mtu anayefanya sherehe kwa pesa za mkopo. Jani la kwanza halinishughulishi tena. Nasubiri la tatu.

Ukishaona mizizi usiivue chupa kwa ghafla. Fungua kizibo siku tatu nne, kisha inyanyue kidogo, kisha iondoe jioni, mpaka mmea uzoee hewa ya nje. Ndipo uuhamishie kwenye kopo kubwa, na sasa ndiyo, mpe mbolea iliyooza vizuri, kidogo.

Msimu una neno. Januari 2025 nikapata tamaa, harusi ilikuwa kubwa, nikapanda ishirini katikati ya kaskazi. Joto lile, usiku halipoi, hata umwage maji vipi. Ishirini vyote vilikwenda. Kusi ndilo wakati wake hapa kwetu, Juni mpaka Agosti, pale unapojifunika shuka alfajiri. Masika pia unaweza, ikiwa una paa.

Basi hesabu yangu iliyo nyuma ya daftari la oda ni hii: vijiti vya harusi tisini na vinne, vilivyoota saba. Kati ya saba, mmoja ulipigwa na paka. Mmoja utitiri uliumaliza mwezi wa Februari, majani yakageuka kama yamenyunyizwa vumbi la shaba. Mmoja nilimpa wifi wa Jambiani, kulipia usumba wake, akaupanda kwenye ardhi ya uwanda, mawe matupu ya matumbawe, majani yakawa manjano na mishipa ikabaki kijani. Mwaridi haupendi chokaa, unakosa chuma hata kama kimo ardhini. Angeuweka kwenye kopo lenye udongo wa kinongo, ule mwekundu, ungeishi. Waliobaki wanne.

Mteja mmoja aliniletea vijiti vya waridi la buluu, kutoka shada la binti yake, akataka nimuoteshee mti wa ukumbusho. Nilimkalisha nikamueleza taratibu: hakuna waridi lililozaliwa buluu namna ile. Ni jeupe lililonyweshwa rangi. Likiota litatoa jeupe. Akanitazama kama nimemwambia harusi yenyewe ilikuwa ya bandia. Hayakuota, kwa bahati.

Mwengine akaniambia nifanye biashara, niuze miche ya mawaridi ya Arusha. Sitaki. Mengi ya mawaridi yale yana wenyewe, wale waliozalisha aina hiyo na kuisajili, na kuuza miche yake bila ruhusa si halali. Kupanda uani kwako kwa macho yako ni jambo jengine.

Na pia, nitauzaje? Ngoja niwaambie habari ya ua la kwanza.

Desemba mmoja wa wale wanne ulitoa tumba. Nililikata, kwa sababu mmea mchanga unatakiwa uote mizizi kwanza. Nililia kidogo, cheka tu. La pili nililikata. La tatu, Aprili mwaka huu, nikaliacha. Ni yule wa rangi ya chai ya maziwa, waridi ambalo harusini ukiliweka kwenye kiganja linakijaza. Lilifunguka kwa siku mbili tu likawa saizi ya ndimu. Petali chache, rangi imefifia kama kanga ya miaka mitatu, kijiti chake kifupi kimeinama. Waridi lile limelelewa kwa ajili ya nyanda za juu. Kwa mfano Ziwa Naivasha, ambako kuna mashamba makubwa ya maua ya Kenya, liko karibu mita 1,900 juu ya bahari, usiku wake baridi, ua linakua polepole na kunenepa. Mpendae tuko usawa wa bahari, ua linakimbizwa na joto. Kule pia mara nyingi wanalibebesha juu ya mizizi ya mwaridi mwengine wenye nguvu, mashamba mengi hutumia aina iitwayo Natal Briar. Langu linasimama kwa miguu yake lenyewe.

Mavyaa alikuwa uani anaanika nguo. Nikamwita. Akaja, akainama, akalinusa.

"Mbona halinuki?"

Halinuki, kweli. Yale ya kuuzwa yamechaguliwa yadumu kwenye chombo, na katika kuchagua hivyo harufu imepotea njiani. Nikamueleza hayo yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe wamelitoa roho," akarudi kwenye kamba yake.

Wale tisa wa bibi, wanne nimegawa, watano ninao. Mmoja kati ya hao watano nimeupanda chini, pale mavyaa anapotawadhia, bila kumuomba ruhusa. Umefika kiunoni. Asubuhi ukifunguka, yeye ndiye wa kwanza kuufikia, na mimi nikiamka nakuta vikonyo vitupu, petali ziko kwenye kikuba chake au ndani ya mto. Sijawahi kupata hata ua moja zima la kupiga picha niwaonyeshe hapa.

Kusi limeanza wiki iliyopita. Jumamosi nina harusi Bububu, mawaridi meupe mia mbili, nimeshawaambia vijana wasiyaguse mpaka nipite na ndoo. Makopo nimeosha, kichanga kimekauka juani. Ninachokosa ni chupa kumi na tano, na jana nimeona mavyaa ameleta gunia la ubuyu.